Pikapu ipi kwa gitaa la marehemu baba?

"Napiga gitaa la kawaida la nyuzi za chuma hapa Malindi. Siku tatu kwa wiki napiga peke yangu jioni kwenye mkahawa wa hoteli ya ufukweni, na wikendi napiga harusini na wenzangu wanne: ngoma, besi, kinanda na mwimbaji. Nilinunua pikapu (kifaa cha kunasa sauti ya gitaa na kuipeleka kwenye spika) ya kubandika, ile ya kisahani na gundi. Hotelini sauti inatoka nyembamba kama redio kuukuu, na harusini gitaa linavuma mpaka nalizima. Fundi mmoja kaniambia niweke ya sumaku. Mwingine kaniambia sumaku huua sauti ya mbao, niweke ya chini ya daraja, kile kipande cha ubao wa mbele kinachoshikilia nyuzi. Rafiki yangu mpiga udi wa Lamu alinunua ya sumaku ikawa haitoi sauti kabisa, anaamini aliuziwa mbovu. Nina Sh15,000. Gitaa hili ni la marehemu babangu na sitaki litobolewe ovyo. Ninunue ipi?"

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu mna mambo matatu ndani yake na kila moja lina chanzo chake: sauti nyembamba, mvumo, na mbao usiyotaka iguswe. Mafundi wako wawili wamesema nusu nusu ya ukweli. Ushauri wangu kwa hali yako ni ununue pikapu ya sumaku yenye koili mbili (koili ni waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi), ya kubana kwenye tundu la gitaa, na usiimalize Sh15,000 yote hapo. Bakisha ya kununua kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya gitaa na mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukielewa utaweza kumbishia muuzaji yeyote.

Tuanze na hoteli. Hukusema waya wako unauchomeka wapi, lakini kwa maelezo yako naamini unaingia moja kwa moja kwenye mikisa. Ugonjwa uko hapo, na pikapu haina kosa.

Kile kisahani ulichobandika ni cha aina ya piezo. Ni kauri nyembamba juu ya bati la shaba nyeupe. Ukikibonyeza au kukitikisa kinazaa umeme kidogo, jambo ambalo ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waliligundua mwaka 1880. Umeme huo upo, lakini ni mnyonge wa kusukuma. Ufananishe na visima vyetu vya karibu na bahari. Ukiteka kwa kata, pole pole, maji matamu yanatosha nyumba nzima. Ukitia pampu yenye nguvu, maji matamu yanaisha na unaanza kuvuta ya chumvi. Mlango wa mikisa ndiyo hiyo pampu. Unavuta kuliko kisahani kinavyoweza kutoa, na kinachokwenda kwanza ni besi.

Ngoja nikupe hesabu, maana wengi husema "inapoteza besi" bila kueleza ni kiasi gani. Chukua mfano wa kisahani chenye nanofaradi 20, kipimo cha uwezo wake wa kubeba umeme, na ukumbuke kwamba mlango wenye ukinzani mdogo ndio unaovuta zaidi. Ukikichomeka kwenye mlango wa maiki wenye ukinzani wa omu 2,000, sauti zote zilizo chini ya mitikisiko 4,000 kwa sekunde zinaanza kukatwa. Kwenye mlango wa kawaida wa omu 10,000 mkato unaanzia 800. Sasa tazama gitaa lako: uzi mnene kabisa ukiuachia wazi unatikisika mara 82 kwa sekunde, na uzi mwembamba kabisa mara 330. Nyuzi zote sita ziko chini ya mkato! Unachosikia hotelini ni mikwaruzo ya kucha na vimasalia vya juu vya kila noti. Kisahani hicho hicho ukikipa mlango wa omu milioni 1, mkato unashuka mpaka mitikisiko 8, na gitaa linarudi lote.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, kesho jioni iangalie mikisa ya hoteli. Nyingi ndogo ndogo zina chaneli moja yenye kitufe kilichoandikwa Hi-Z, yaani ukinzani mkubwa. Kibonyeze, chomeka hapo, piga. Ikiwa sauti itajaa ghafla, utakuwa umethibitisha niliyosema bila gharama yoyote. Ikiwa hakuna kitufe hicho, azima kisanduku cha DI kwa mpiga besi, na hakikisha ni kile kinachotumia umeme, ama wa betri ama ule wa volti 48 unaotoka kwenye mikisa. Visanduku visivyotumia umeme vina ukinzani mdogo mno kwa piezo.

Ya harusini ni tofauti kabisa, na hapa DI haitakusaidia.

Chukua chupa tupu ya soda, upulize kwa juu ya mdomo wake. Inavuma noti moja, na hata upulize vipi noti ni ile ile. Gitaa lako ni chupa hiyo, ila imetengenezwa kwa mbao. Hewa iliyomo ndani ikipata msukumo inavuma, na kwa gitaa kubwa la kawaida mvumo huo uko karibu na mitikisiko 100 kwa sekunde. Sasa noti ya G kwenye uzi wa sita, unapobana kipande cha tatu, ni 98. Naweza kukisia bila kukuona: mvumo wako huanza unaposhika kodi (chord) ya G, au unapoachia uzi wa A ulie wazi, na huanza taratibu kama jenereta inayowashwa nyumba ya pili.

Kinachotokea ni mzunguko. Spika inatikisa hewa, hewa inatikisa ubao wa mbele wa gitaa, kisahani kinausikia ubao na kuurudisha kwenye spika, nayo inautikisa zaidi. Mzunguko huu hubeba jina la Mdenmark Søren Larsen, aliyeuchunguza. Utaona kwamba pikapu ikisikia mbao vizuri, inasikia pia kila kinachoitikisa mbao hiyo, pamoja na ngoma ya mwenzako na spika ya besi. Kisahani kilichobandikwa kwenye ubao wa mbele ni cha kwanza kuvuma kwa sababu kimekaa hasa panapotikisika. Watu hudhani ya bei ghali haivumi. Zipo za bei ghali sana zinazobandikwa ndani, chini ya daraja, na sauti yake chumbani ni tamu kweli, lakini ukizipeleka kwenye harusi yenye ngoma zitakuaibisha vile vile.

Ndiyo maana nakuelekeza kwenye sumaku. Pikapu ya sumaku haisikii mbao, au inaisikia kidogo tu. Inafanya kazi kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831: chuma kikicheza karibu na sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, umeme unazaliwa ndani ya waya. Kinachosikika ni uzi wenyewe. Spika inaweza kuutikisa ubao itakavyo, lakini kuutikisa uzi wa chuma uliokazwa ni kazi ngumu zaidi. Mvumo hauondoki kabisa, ila unapata nafasi kubwa ya kuongeza sauti kabla haujaanza.

Na hapa ndipo alipokwama rafiki yako mpiga udi. Mwambie hakutapeliwa. Nyuzi za udi ni za nailoni, na zile nene ni nyuzi laini zilizozungushiwa shaba iliyopakwa fedha. Hakuna chuma hapo, na sumaku haina cha kusikia, iwe nzima au mbovu. Kuna kipimo cha sekunde mbili ambacho hufanya kila mtu akiniletea chombo. Chukua sumaku ndogo, hata ya spika iliyokufa, iguse kwenye uzi. Kwenye gitaa lako utauona uzi unaisogelea na kung'ang'ania. Kwenye udi haushtuki. Yeye anahitaji piezo yenye mlango mzuri, au maiki, na hiyo aliyonunua akuuzie wewe, ikiwa ni ya koili mbili.

Je, sumaku huua sauti ya mbao? Fundi wako wa pili ana haki yake kidogo. Nyuzi za gitaa hili zina kiini cha chuma kilichozungushiwa shaba iliyochanganywa na zinki au bati. Sumaku inakiona kiini tu. Ile shaba, inayoupa uzi uzito na ile sauti ya joto, haionekani kwake. Hivyo nyuzi mbili nyembamba za chini, za B na E, ambazo ni chuma kitupu, hujitokeza mbele ya zile zilizozungushiwa. Wapigaji wengi hulisikia hilo na kusema pikapu ni mbaya. Tafuta yenye skrubu ndogo chini ya kila uzi, kisha izamishe ile ya B kwa robo mzunguko, upige, usikilize, uizamishe tena. Jambo hili linataka subira ya nusu saa, na baada ya hapo halikusumbui tena. Sauti utakayopata itaegemea kidogo upande wa gitaa la umeme. Kwa rumba, bango na chakacha harusini, mimi hiyo naipenda, inakata vizuri katikati ya kinanda na besi. Kwa jioni ya peke yako hotelini utaikosa mbao kidogo, sitakuficha.

Nimesisitiza koili mbili kwa sababu ya umeme wetu. Stima ya Kenya inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na koili moja inaunasa mngurumo huo kutoka kwenye kila taa ya rangirangi na kila waya uliotandazwa jukwaani. Katikati ya miaka ya 1950 Seth Lover wa kampuni ya Gibson alitengeneza pikapu ya koili mbili zilizofungwa kinyume, ili mngurumo wa koili moja ufutwe na wa mwenzake huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Zipo za namna hiyo za kubana kwenye tundu. Ukiambiwa "ni ya sumaku" uliza koili ni ngapi, na usikubali jibu la "ni nzuri tu".

Sasa ile ya chini ya daraja, aliyokushauri fundi wa pili. Yeye anamaanisha utepe mwembamba wa piezo unaolazwa ndani ya mfereji wa daraja, chini ya ule ufito wa mfupa unaobeba nyuzi. Ndiyo iliyomo kwenye magitaa mengi yanayouzwa yakiwa na pikapu tayari. Haivumi sana kama kisahani, na inasikika wazi. Kasoro yake ni kwamba ukipiga kwa nguvu inatoa sauti kavu, ya kubanwa puani. Lakini sababu yangu ya kukukataza ni nyingine. Ili utepe huo ufanye kazi, sakafu ya mfereji lazima iwe sawa kabisa, ufito upunguzwe kwa unene ule ule wa utepe, tundu litobolewe kwenye daraja, na jingine la karibu nusu inchi nyuma ya gitaa kwa ajili ya jeki, pale pa kuchomekea waya. Nimewahi kuletewa gitaa la mtu, zuri, la mbao zilizokomaa, ambalo fundi alichonga mfereji kwa patasi ya mlango. Uzi wa A ulikuwa hausikiki na wa G ulikuwa unapiga kelele, kwa sababu utepe ulikuwa unabonyezwa upande mmoja na kuelea upande wa pili. Tulitengeneza ufito mpya tukapunguza madhara. Mbao iliyokwisha kuchongwa hairudi, na mwenye gitaa alikaa kwenye kigoda changu akaligeuza geuza kwa muda mrefu bila kusema neno. Sitaki ukae hivyo na gitaa la mzee wako.

Pikapu ya kubana kwenye tundu haihitaji kutobolewa chochote. Ina vibano viwili vyenye kizibo laini au kitambaa mdomoni, unaikaza kwa bisibisi mpaka isicheze, basi. Usiikaze kwa hasira, ubao wa mbele ni mwembamba. Waya wake unatoka kwenye tundu na kushuka. Si mapambo, lakini ufunge kwenye mkanda wa gitaa ili mtu akiukanyaga usiing'oe. Siku ukitaka, unaiondoa, na gitaa linabaki kama alivyoliacha.

Ya hotelini usikitupe kile kisahani. Kikipata mlango wa omu milioni 1 kitakuwa chombo kingine. Kihamishe, ukibandike karibu na daraja upande wa nyuzi nene, halafu sogeza kidole kimoja kimoja huku mtu mwingine akisikiliza mbali. Tofauti ya sentimita mbili utaishangaa. Hotelini kwenye utulivu, tumia kisahani. Harusini, sumaku. Kisanduku cha DI ni kimoja kwa kazi zote mbili, kwani hata sumaku isiyo na betri hufifia juu ikichomekwa kwenye mlango wa omu 10,000. Maiki ya kawaida nayo, ikiwekwa kama shibri moja kutoka pale shingo inapokutana na tumbo la gitaa, ingekupa sauti ya kweli kuliko pikapu zote, ila ufukweni kaskazi ikivuma utasikia upepo kuliko nyuzi. Siku za shwari ijaribu.

Harusini, kabla ya kugusa vitufe, angalia spika ziko wapi. Nimeona mara nyingi spika imewekwa ukutani nyuma ya kikundi kwa sababu soketi iko huko, kisha lawama zinamwangukia mpiga gitaa. Spika zisimame mbele yenu, ziangalie wageni, na wewe usisimame kwenye njia yake. Kila unapozidisha umbali wako nayo mara mbili, kwenye uwanja wa wazi, sauti inayokufikia inashuka desibeli 6. Ukumbi wa kuta za mawe ni mgumu zaidi kuliko banda la makuti, maana mawe yanairudisha sauti na makuti yanaimeza. Kitufe cha kugeuza fezi, yaani kuyageuza mawimbi ya sauti yawe kinyume, kama kisanduku chako kinacho, kibonyeze mvumo unapoanza. Mara nyingine unakatika hapo hapo. La mwisho punguza sauti za karibu na 100 kwenye mikisa. Mpiga besi wa bendi yupo, hatakulaumu.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha. Harusi nyingi zinatumia jenereta, na jenereta nyingi hazina waya wa ardhi. Ukiwa umeshika nyuzi za gitaa na mdomo wako ukagusa maiki ukahisi kama unachomwa na sindano ndogo, acha kupiga papo hapo na uzimishe mitambo. Usilipuuze hata likiwa dogo. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kushika maiki isiyo na ardhi huku mkono wa pili uko kwenye nyuzi. Hapo hahitajiki fundi wa gitaa, anahitajika fundi wa umeme mwenye leseni, na aje kabla ya wimbo unaofuata.

Na chumvi. Wewe unapiga hatua chache kutoka majini. Angalia ncha ya waya wako, ukiona ukijani kwenye mkunjo, ndiyo inayokupa mikwaruzo, na watu wengi hubadilisha pikapu nzima kwa sababu hiyo. Ifute kwa kitambaa kikavu kila usiku, pamoja na nyuzi. Ukinunua pikapu yenye betri, chomoa waya ukimaliza, kwa sababu kwa nyingi kuchomeka ndiko kunakowasha. Betri ikianza kuisha haizimi ghafla, sauti inapasuka kwanza, na utadhani spika imekufa.

Kabla ya kubana chochote, ingiza kioo kidogo na tochi ndani ya tundu la gitaa la mzee. Tazama vile viboriti vya mbao vilivyogundishwa chini ya ubao wa mbele, na eneo lililo chini ya daraja. Ukiona kimoja kimeachia, au ukiona daraja limeinuka nyuma kiasi cha karatasi kupita chini yake, usinunue pikapu bado. Legeza nyuzi usiku huo huo, ulipeleke kwa fundi anayetengeneza magitaa ya mbao, si wa redio, alione kwa macho. Ukikosa wa kumwamini hapo Malindi, panda basi la Lamu mpaka Mokowe uvuke, uje nalo kwangu. Leta na waya wako, na kile kisahani.